Simu ya Upepo na Walinzi Wake

1. Habari zisizo na njia

Mtu apelekaye barua kwa tarishi huijua njia yake. Barua hutoka mkononi mwake, huingia mkobani mwa tarishi, hupita barabarani, hata ikamfikia mwenyewe. Mwizi akitaka kuisoma, hana budi amvizie tarishi njiani. Na habari zipitazo katika waya ni vivyo hivyo: atakaye kuzisikia hana budi aufikie waya.

Lakini habari zipitazo hewani hazina njia moja. Ni kama mlio wa ngoma. Mpigaji aweza kumkusudia rafiki yake aliye ng'ambo ya mto, walakini mlio hauendi kwa rafiki peke yake. Huenea pande zote, na kila mwenye masikio aliye karibu huusikia. Asiyejua maana yake husikia kelele tu. Ajuaye maana hupata habari yote.

Ndivyo ilivyo mitandao isiyo na waya, iitwayo Wi-Fi, itumikayo leo katika shule, hospitali, benki, maduka na nyumba za watu. Chombo kidogo kiitwacho ruta hupeleka mawimbi ya redio pande zote, na simu na kompyuta zilizo karibu huyapokea na kuyajibu. Mawimbi hayo hayaonekani kwa macho wala hayashikiki kwa mikono. Hupenya kuta na milango ya mbao, yakatoka nje hata barabarani. Mwenye nyumba aweza kufunga mlango kwa kufuli na komeo, kumbe habari zake zimekwisha kutoka.

Basi, mwenye mtandao atajuaje ya kuwa habari zake ziko salama? Wako watu ambao kazi yao ni kumjibu swali hilo. Hujaribu kuuingia mtandao kama vile mwizi angejaribu, ila wao hujaribu kwa ruhusa ya mwenyewe, apate kuonyeshwa ufa kabla mwizi hajauona. Hao huitwa wapimaji wa usalama wa mitandao. Somo hili laeleza asili ya shida yenyewe, vyombo watumiavyo wapimaji, na sheria iwapasayo.

2. Habari ya panya mjini London

Shida hii si mpya. Ilianza pamoja na simu ya upepo yenyewe.

Guglielmo Marconi alizaliwa Italia mwaka wa 1874. Alikuwa kijana bado alipovumbua namna ya kupeleka habari kwa mawimbi ya redio, na mwaka wa 1896 alikwenda Uingereza kuendeleza kazi yake. Mwezi wa Desemba 1901 alitangaza ya kuwa ishara iliyotoka Poldhu, katika pwani ya Uingereza, imesikiwa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Watu wakastaajabu sana. Lakini wengine wakauliza, "Habari hizi zikienea hewani, adui hatazisikia?" Marconi akajibu ya kuwa hakuna hofu. Alisema chombo chake hurekebishwa kwa wimbi moja, kama uzi wa zeze ukazwavyo kwa sauti moja, na chombo kisichorekebishwa vivyo hivyo hakiwezi kuiba habari zake.

Alikuwako London mtu mmoja jina lake Nevil Maskelyne. Jamaa zake walikuwa mafundi wa mazingaombwe, nao walikuwa na jumba la michezo mjini. Yeye mwenyewe alikuwa stadi wa mazingaombwe, na tena alijifunza sana mambo ya simu ya upepo. Kampuni moja iliyokuwa na waya za simu chini ya bahari iliona ya kuwa Marconi ataiharibia biashara yake, ikamlipa Maskelyne ampeleleze. Akasimamisha mlingoti mrefu katika pwani, si mbali sana na Poldhu, akazipata habari za Marconi bila taabu kubwa. Mwaka wa 1902 aliyaeleza hayo katika gazeti la mafundi wa umeme. Walakini wengi hawakumsikiliza.

Hata siku ya tarehe 4 Juni 1903, watu wengi walikusanyika katika ukumbi wa Royal Institution mjini London. Bwana John Ambrose Fleming, mtaalamu mkubwa wa umeme, alikuwa akiwaeleza habari za simu ya upepo. Marconi mwenyewe alikuwa Poldhu, mbali na hapo, akingoja saa ya kupeleka salamu zake ukumbini. Kabla saa hiyo haijafika, chombo kilichokuwa ukumbini kikaanza kugonga chenyewe. Msaidizi wa Fleming alijua kuzisoma ishara hizo, akatega sikio. Akasikia neno moja likirudiwa mara nyingi: "Panya, panya, panya." Kisha yakafuata mashairi ya kumdhihaki Marconi, ya kuwa awadanganya watu. Halafu kelele ikakoma, na muda mfupi baadaye salamu za Marconi zikafika.

Fleming alikasirika mno. Aliandika barua katika gazeti la The Times, akaomba watu wamsaidie kumtafuta mwenye kufanya utovu huo wa adabu. Hapakuwa na haja ya kutafuta sana. Siku chache baadaye Maskelyne aliandika katika gazeti lilo hilo, akakiri ya kuwa ndiye yeye. Alikuwa ametumia chombo hafifu tu, katika jumba la michezo la jamaa zake lililokuwa karibu. Alisema amefanya hivyo kwa faida ya watu wote, wapate kuujua udhaifu wa simu ya upepo.

Nani kati yao alikuwa na haki? Katika elimu, Maskelyne alisema kweli: habari za hewani huweza kusikiwa, na pia huweza kuchafuliwa na mtu asiyeitwa. Lakini katika adabu alikosa. Hakupiga hodi. Aliingia katika kazi ya mtu mwingine bila ruhusa, akamwaibisha mbele ya watu, tena alikuwa amepata kulipwa na wapinzani wa mtu huyo. Ndiyo maana hata leo kisa chake husimuliwa na wapimaji, ili wajifunze mambo mawili kwa pamoja: ukweli wa kushika, na tabia ya kuacha.

3. Kufuli iliyokuwa dhaifu

Mwaka wa 1997 mafundi walikubaliana juu ya kanuni za mitandao isiyo na waya ya kompyuta. Walikumbuka hatari ya hewani, wakaweka kufuli iitwayo WEP. Kazi yake ilikuwa kuyavuruga maneno kabla hayajatoka, ili yule asiye na ufunguo asikie kelele tu.

Namna ya kuvuruga ilikuwa hivi. Kila kipande cha habari kilifungwa kwa ufunguo wa siri uliounganishwa na nambari ndogo, na nambari ile ilibadilika mara kwa mara. Nambari zote zilizowezekana zilikuwa 16,777,216. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini mtandao wenye kazi nyingi hupeleka vipande elfu nyingi kwa dakika. Basi baada ya muda wa saa chache nambari zilikwisha, zikaanza kurudiwa. Na vipande viwili vilivyofungwa kwa namna moja huweza kulinganishwa, hata siri yao ikafichuka. Ni kama mtu afichaye barua zake kwa mafumbo yale yale kila siku. Msomaji mwenye subira atayafumbua.

Mwaka wa 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha jambo baya zaidi: baadhi ya nambari zile ziliacha alama za ufunguo wenyewe. Aliyekusanya vipande vya kutosha aliweza kuupata ufunguo mzima. Mwaka wa 2007 wataalamu wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha ya kuwa kazi hiyo yaweza kumalizika kwa muda usiofika dakika moja.

Wenye mitandao walipewa kufuli mpya: WPA mwaka wa 2003, na WPA2 mwaka wa 2004. Lakini wengi walisema, "Tutabadili kesho." Katika hao ilikuwamo kampuni ya TJX ya Marekani, yenye maduka mengi ya nguo. Mwaka wa 2005 wezi waliingia katika mtandao wake usio na waya, uliokuwa ukilindwa bado kwa WEP. Waliendelea kuiba kwa siri muda mrefu, hata jambo hilo likatangazwa mwaka wa 2007. Nambari za kadi za benki zilizochukuliwa zilikuwa zaidi ya milioni 45. Kiongozi wa wezi hao alihukumiwa mwaka wa 2010 kifungo cha miaka 20. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mpimaji mmoja mwaminifu, kama angeitwa mapema, angeuona ufa ule katika kazi ya siku moja.

4. Vyombo vya mpimaji

Kila fundi ana vyombo vyake. Seremala ana randa na msumeno. Mvuvi ana nyavu na ndoana. Mpimaji wa mitandao naye ana vyombo vyake, navyo ni hivi.

Cha kwanza si mashine, ni karatasi. Ni barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mwenye mtandao. Humo huandikwa mtandao gani utapimwa, siku gani na saa gani, mambo gani yasiguswe, na nani aitwe kama kazi ikiharibika. Katika hospitali, kwa mfano, mpimaji huonywa asisumbue vyombo vinavyowalinda wagonjwa. Asiye na barua hii, hata awe stadi namna gani, si mpimaji.

Cha pili ni kadi ya redio na antena. Kompyuta hupokea mawimbi mengi, lakini kwa desturi huzitupa habari zisizoandikiwa yenyewe, kama mtu mwenye adabu asiyesikiliza mazungumzo ya jirani. Kadi ya mpimaji huweza kuamriwa isikilize kila kitu. Antena nayo ni ya namna mbili: moja husikia pande zote, nyingine huelekezwa upande mmoja, nayo husikia mbali. Kwa antena mpimaji hutembea nje ya nyumba na kuandika mahali mawimbi yanapofika. Mara nyingi mwenye nyumba hushangaa akiambiwa ya kuwa mtandao wake wasikika vema ng'ambo ya barabara.

Cha tatu ni programu ya kusikiliza, na iliyo mashuhuri ni Kismet. Yenyewe haisemi neno hewani. Husikiliza tu, ikaandika majina ya mitandao iliyopo, na namna ya kufuli ya kila mmoja. Faida yake kubwa ni kufichua ruta zisizojulikana. Pengine karani huleta ruta yake kutoka nyumbani, akaichomeka ofisini apate mtandao mezani pake. Hakukusudia ubaya, lakini ameufungua mlango wa uani, nao mkuu wa ofisi hana habari.

Cha nne ni programu ya kuvichungua vipande vya habari, iitwayo Wireshark. Ilianzishwa mwaka wa 1998 na Gerald Combs kwa jina la Ethereal, ikapewa jina lake la sasa mwaka wa 2006. Kwa programu hii mpimaji huona habari zitokazo kama mtu aonavyo barua mezani: zipi ziko wazi, zipi zimefungwa kwa lakiri, na nini kimeandikwa juu ya bahasha. Akiona maneno ya siri yakipita bila kufungwa, hapo amekwisha pata jambo la kumwambia mwenyewe.

Cha tano ni programu za kupima nguvu ya ufunguo, kama Aircrack-ng. Simu iingiapo mtandaoni hupeana na ruta ishara za kujuana, ili kila mmoja ahakikishe ya kuwa mwenzake anao ufunguo, pasipo kuutaja ufunguo wenyewe. Mpimaji huziandika ishara hizo, kisha huzijaribu mezani pake kwa maneno mengi ili aone kama mojawapo linalingana. Ufunguo ukiwa jina la mtu au neno la kawaida, utapatikana upesi.

Hesabu yaonyesha tofauti. Ufunguo wa tarakimu nane huweza kuwa wa namna 100,000,000 tu. Mashine ijaribuyo maneno milioni moja kwa kila nukta itazimaliza zote kwa nukta 100, yaani hazitimii dakika mbili. Lakini ufunguo wa herufi ndogo 12 zilizochaguliwa bila mpango, kama kwa kupiga kura, una namna nyingi hata mashine ile ile itahitaji zaidi ya miaka 3,000 kuzimaliza. Herufi chache zilizoongezwa zimegeuza dakika kuwa karne.

Programu hizi tatu hutolewa bure, na maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Wengine huuliza, "Je, si hatari? Mwizi naye atazipata." Ni kweli atazipata. Lakini panga halimjui mwenyewe. Mkononi mwa mkulima hufyeka shamba. Mkononi mwa jambazi huua. Wezi huwa na mapanga hata kama wakulima wamenyimwa. Jambo litenganishalo mpimaji na mwizi si chombo. Ni ruhusa, na nia, na matendo yake akiisha kuona ufa.

Ndiyo maana chombo cha sita, nacho ni cha mwisho, ni karatasi tena. Ni taarifa. Mpimaji huandika kila aliloliona: ufa uko wapi, hatari yake ni kubwa kiasi gani, na dawa yake ni nini. Humpa mwenyewe peke yake, wala hahadithii barazani. Kisha mwenyewe akiisha kuziba nyufa, mpimaji hurudi kupima mara ya pili.

5. Sheria ya hodi

Mgeni afikapo nyumbani kwa watu hupiga hodi. Asipojibiwa hurudia, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka, hata kama mlango u wazi. Mlango ulio wazi si karibu. Sheria ya mitandao ni iyo hiyo. Mtandao usio na kufuli, au wenye kufuli dhaifu, haujamkaribisha mtu kuuingia.

Nchi nyingi zimeliandika jambo hili katika sheria zao. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka wa 2015, na Kenya ilitunga sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka wa 2018. Katika nchi zote mbili, kuingia mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa, na kunasa habari zake hali kadhalika. Kusema, "Nilikuwa najaribu tu," hakumwokoi mtu mbele ya hakimu.

Mfano wa mwenendo mwema ulionekana mwaka wa 2017. Mathy Vanhoef, mtaalamu wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, aliona ufa katika kufuli ya WPA2 iliyokuwa ikitumika duniani kote. Ishara moja ya kujuana iliweza kurudiwa na mtu mwovu, na kwa kurudiwa huko zile nambari zisizopaswa kutumika mara mbili zikaanza upya. Ulikuwa ugonjwa wa zamani katika mwili mpya.

Vanhoef hakuwaaibisha watu ukumbini. Kwanza aliwapelekea habari kwa siri waundaji wa vyombo, akawapa muda wa kutengeneza dawa. Alingoja miezi mitatu hivi, ndipo tarehe 16 Oktoba 2017 akautangazia ulimwengu. Siku hiyo waundaji kadha wa kadha walikuwa wamekwisha kutoa masahihisho, na watu wengi waliponywa kwa kusahihisha programu zao tu, bila kununua vyombo vipya. Maskelyne na Vanhoef wote wawili waliona ukweli. Lakini mmoja aliutumia kama fimbo, na mwingine kama dawa. Mwaka wa 2018 ikatangazwa kufuli mpya zaidi, WPA3. Nayo pia hupimwa, kwani kufuli isiyopimwa haijulikani nguvu zake.

Si kila mtu atakuwa mpimaji, lakini kila mwenye ruta ana wajibu wake. Na abadili neno la siri lililokuja na chombo kutoka kiwandani. Na achague ufunguo mrefu usio jina la mtu wala tarehe ya kuzaliwa. Na atumie WPA2 au WPA3, wala asitumie WEP. Na asahihishe programu za vyombo vyake kila zitolewapo mpya. Na kijana apendaye kujifunza ufundi huu, na aanze kwa ruta yake mwenyewe nyumbani, kwa idhini ya wazazi wake, wala asiguse ya jirani.

Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali

1. Habari zipitazo hewani zafanana vipi na mlio wa ngoma?
2. Maskelyne alikuwa na haki katika jambo gani, na alikosa katika jambo gani?
3. Kwa nini nambari za WEP kurudiwa lilikuwa jambo la hatari?
4. Taja vyombo sita vya mpimaji. Kwa nini cha kwanza na cha mwisho ni karatasi?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Mlango ulio wazi si karibu."
6. Mwanafunzi ameona ya kuwa mtandao wa duka la jirani hauna kufuli. Afanye nini, na asifanye nini?